Pomboo waliozaliwa bwawani wakiachiwa si watakufa? Jibu kwa mama mmoja

"Habari dokta. Mwaka jana tukiwa likizo tulipeleka watoto kwenye shoo ya pomboo na orka, binti yangu wa miaka 9 akapenda mno, tangu siku hiyo anasema akikua atakuwa mkufunzi wao. Mhudumu alituambia hawa wote wamezaliwa humohumo, hawajui kuwinda, na wanaishi miaka mingi kuliko wa baharini kwa sababu hakuna papa wala nyavu. Juzi binti kaona video ya watu wanaotaka hizi shoo zipigwe marufuku, akalia, akaniuliza kama sisi tuliwatesa wale wanyama. Mume wangu anasema wakipiga marufuku ndo watawaua kabisa maana baharini hawatamaliza mwezi. Sasa tunapanga likizo nyingine na kwenye kifurushi kuna kuogelea na pomboo, watoto wanaitaka sana. Na mdogo wangu ana mtoto mwenye usonji, kaambiwa tiba ya pomboo inasaidia watoto kuongea na ameanza kuchanga hela. Nimechanganyikiwa, naomba mwongozo."

Dada yangu, ndani ya swali lako kuna maswali kama manne, lakini lile zito naona ni la mumeo: je, kukomesha hizi shoo si ndo kuwaua hawa wanyama? Nitalifikia, na nikuambie mapema kwamba ana hoja, ila hoja yake inatumika kutetea kitu ambacho haikitetei. Kwanza lakini tuangalie mnyama mwenyewe, maana ukishamwelewa yeye mengine yanakuwa mepesi.

Watu wengi wakitoka kwenye shoo wanasema "lakini alikuwa anatabasamu". Pomboo hatabasamu. Lile ni umbo la taya, limekaa hivyo tangu anazaliwa mpaka anakufa, hana misuli ya uso ya kununa wala kucheka kama sisi, akiwa mgonjwa anatabasamu, akiwa na maumivu anatabasamu, hata akiwa amekufa lile tabasamu lipo palepale. Kuruka pia usikuchukulie kuwa ni furaha. Anaruka kwa sababu filimbi imepigwa na akiruka vizuri anapata samaki. Sisemi wanalazwa njaa, vituo vingi havifanyi hivyo, na wakufunzi wengi nawaheshimu, wanawapenda wale wanyama kwa dhati kabisa. Lakini chakula chake kinapitia mikononi mwa binadamu na kimefungwa kwenye kazi, hana njia nyingine ya kukipata, kwa hiyo ukiona anashirikiana usiseme amekubali.

Baharini huyu mnyama anaishi kwa sauti. Anatoa milio midogomidogo, inagonga kitu inarudi, na kwa ule mwangwi anajua kilicho mbele yake ni samaki, jiwe au mwenzake, ukubwa wake, umbali wake, hata usiku wa giza. Kila pomboo anajitengenezea mluzi wake mwenyewe ambao wenzake wanamtambua nao. Orka, ambaye kwa ukoo ni pomboo mkubwa kuliko wote, anaweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa siku na kuzama mamia ya mita, na wale wa pwani ya kaskazini magharibi ya Marekani na British Columbia ya Canada wanaishi kwa ukoo wa mama, yaani dume zima la miaka 30 bado linaogelea pembeni ya mama yake, na kila ukoo una milio yake ambayo watoto wanajifunza kwa wakubwa. Sasa sikia kiwango cha chini cha bwawa la orka kwa kanuni za Marekani: upana kama mita 14.6 na kina kama mita 3.7. Dume la orka likikomaa lina urefu wa mita 6 mpaka 8. Ukilisimamisha wima mkia ungegusa chini na karibu nusu ya mwili ingebaki hewani! Vituo vikubwa vina mabwawa mazuri kuliko hapo, ni kweli, lakini hakuna bwawa duniani linaloweza kumpa huyu mnyama umbali, kina na ukoo, na mwili wake umeumbwa kwa hivyo vitatu.

Ukimkosesha hivyo nini kinatokea? Meno. Orka waliofungwa wanatafuna kingo za saruji na milango ya chuma, mwaka 2017 watafiti walichunguza meno ya orka 29 walio kwenye mabwawa na hakukuwa na hata mmoja ambaye meno yake yalikuwa salama. Jino likivunjika mpaka ndani inabidi litobolewe, lile tundu linabaki wazi na kuoshwa kila siku maisha yake yote, na kama halijaoshwa vizuri bakteria wanaingia. Kuna vidonda vya tumbo, kuna nimonia, kuna fangasi. Samaki wanaowala wamegandishwa, na samaki akigandishwa anapoteza maji na vitamini B1, kwa hiyo inabidi wapewe vidonge vya vitamini na wengine wapewe jelatini ili wapate maji, maana pomboo hanywi maji kama ng'ombe, maji yake anayatoa kwenye samaki. Halafu ugomvi. Baharini wakigombana anayeshindwa anaondoka zake, bwawani ataenda wapi? Mwaka 1989 pale San Diego orka jike aliyeitwa Kandu V alimgonga mwenzake Corky kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akavunjika taya na kuvuja damu mpaka kufa. Corky alikamatwa Desemba 1969 akiwa mtoto, British Columbia, na ukoo wake bado unaogelea kule.

Kuhusu yule mhudumu aliyesema wanaishi miaka mingi kuliko wa baharini. Niwe mkweli hapa maana wanaotetea wanyama nao wakati mwingine wanatia chumvi. Pomboo wa kijivu, wale wa shoo nyingi, kwenye vituo bora siku hizi wanaishi muda unaolingana na wenzao wa baharini, hali imekuwa bora sana kuliko miaka ya 1970. Lakini fikiria, huyu wa bwawani hana papa, hana nyavu, hana njaa, ana daktari saa 24, na bado anaishia kulingana tu na yule wa baharini mwenye hizo hatari zote! Kwa orka ndo maneno ya mhudumu hayasimami kabisa. Jike wa baharini akishavuka utoto anaweza kufika miaka 50, na wapo waliopita 80, wakati bwawani wengi sana wamekufa kabla ya kufika hata 30. Na wale wanaokamatwa baharini kupelekwa bwawani, utafiti wa 1995 ulionyesha kwamba kwa pomboo hatari ya kufa inapanda mara 6 mara tu baada ya kukamatwa.

Na usisahau binadamu wanaofanya kazi pale, kwa sababu binti yako anataka kuwa mmoja wao. Hakuna kumbukumbu ya kuaminika ya orka wa baharini kumuua mtu. Waliofungwa wameua watu 4. Watatu kati ya hao walihusishwa na dume mmoja, Tilikum, aliyekamatwa Iceland mwaka 1983 akiwa na umri kama wa miaka 2, na wa mwisho wa hao watatu alikuwa Dawn Brancheau, mkufunzi mzoefu wa Orlando, Februari 2010. Dawn hakuwa mzembe na yule mnyama hakuzaliwa mbaya. Ni mnyama wa zaidi ya tani 5 aliyeishi kwenye kisima kwa miaka karibu 30.

Sasa mumeo. Anasema wakiachiwa watakufa. Kwa waliozaliwa bwawani, na kwa wengi waliokaa miaka mingi, yuko sahihi, kuwafungulia tu geti ni kuwaua na sijui daktari yeyote makini anayependekeza hivyo. Pomboo anajifunza kuwinda kwa mama yake na kundi lake, hazaliwi akijua, na samaki akiwa hai anakimbia, aliyezoea kurushiwa samaki mfu mdomoni anaweza hata asimtambue yule aliye hai kuwa ni chakula. Mfano watu wote wanaoutaja ni Keiko, orka aliyekamatwa Iceland 1979, akawa maarufu kwa filamu ya 1993, akatunzwa Oregon kuanzia 1996, akarudishwa Iceland 1998. Mwaka 2002 aliogelea mwenyewe mpaka Norway, kitu kikubwa mno, lakini hakuwahi kuungana na kundi la orka, alikuwa anatafuta watu, na Desemba 2003 akafa kwa nimonia. Kuna wanaosema alishindwa. Mimi naona miaka yake 5 ya mwisho aliishi baharini, kwenye maji ya kwao, na kwangu hilo lina thamani. Ila kusema aliweza kurudi kuwa orka wa porini, hapana, hakuweza.

Lakini wapo walioweza, na sababu zinaeleweka. Korea Kusini, pomboo watatu, Jedol, Chunsam na Sampal, walikuwa wamenaswa kwenye nyavu karibu na kisiwa cha Jeju 2009 na 2010 wakauzwa kwenye shoo. Mwaka 2013 wakawekwa kwenye kizimba cha baharini wajifunze tena kuwinda, Sampal hakusubiri hata sherehe, alipita kwenye tundu la wavu akaenda zake na akaonekana na kundi la pomboo wa pale, wenzake wakafuata mwezi Julai, na mwaka 2016 Sampal na Chunsam wote wakaonekana na watoto. Walikamatwa wakiwa tayari wanajua maisha ya baharini, wakakaa bwawani miaka michache tu, na wakarudishwa maji yaleyale yenye ndugu zao. Tom na Misha wa Uturuki, walioachiwa Mei 2012, nao walikuwa na sifa hizo. Sasa mwaka 2017 Korea hiyohiyo ikawaachia Geumdeung na Daepo, maji yaleyale ya Jeju, lakini hawa walikuwa wamefungwa kama miaka 20. Hawakuonekana tena. Kwa hiyo hatuulizi kwa ujumla kama pomboo anaweza kuachiwa, tunauliza pomboo yupi, alikamatwa na umri gani, amefungwa muda gani na ndugu zake wako wapi.

Ndo maana kukomesha utumwa huu, na mimi nauita utumwa bila kupepesa, hakumaanishi kufungua mageti kesho asubuhi. Maana yake ni kuacha kukamata, kuacha kuzalisha, kuacha shoo, halafu waliobaki watunzwe vizuri mpaka mwisho wao na wasiwe na warithi. Angalia sheria zenyewe. India ilikataa kuanzishwa kwa maonyesho ya pomboo mwaka 2013. Canada ilipitisha sheria Juni 2019 inayokataza kuwafuga na kuwazalisha nyangumi na pomboo kwa burudani, lakini waliokuwepo tayari wakaruhusiwa kubaki. Ufaransa ilipitisha yake Novemba 2021 na ikatoa miaka 5 kabla ya shoo kukoma. Mexico ikafuata 2025. Hata SeaWorld yenyewe, kampuni ya Marekani ya shoo za orka, baada ya watu kuacha kukata tiketi, ilitangaza Machi 2016 kuwa imeacha kuzalisha orka. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyosema watupeni baharini, kwa hiyo ile hofu ya mumeo inapigana na kitu ambacho sheria hazikusema.

Pale ambapo hofu yake ina mashiko kweli ni hapa: sheria ikija bila kuandaa pa kuwapeleka, wanyama wanakwama. Canada, bustani moja ya Ontario ilibaki na beluga 30, yaani nyangumi weupe, ikaishiwa hela, ikaomba kuwauza China, Oktoba 2025 serikali ikakataa ili wasiende kufanyishwa shoo tena, na bustani ikasema basi huenda italazimika kuwaua. Ufaransa, bustani ya shoo ya Marineland kule Antibes ilifungwa Januari 2025 na orka wake wawili, Wikie na mwanae Keijo, wakabaki kwenye mabwawa ya mahali pasipo hata mtazamaji huku watu wakibishana waende wapi. Mambo haya yananiuma. Lakini ukiniuliza kosa ni la nani, sitasema la sheria, nitasema waliowazalisha hawa wanyama miaka yote hiyo wakipata faida hawakuwahi kutenga senti ya uzee wao, na hilo ndo sheria zinazokuja zinapaswa kulibana.

Jibu linalofanyiwa kazi ni hifadhi za baharini, yaani ghuba iliyofungwa kwa wavu, maji ya bahari yenyewe, kina cha kutosha, daktari na chakula vipo, tiketi za shoo hakuna. Si rahisi, nisikudanganye. Beluga wawili, Little White na Little Grey, walitolewa Shanghai Juni 2019 wakapelekwa ghuba ya Klettsvík kule Iceland, ileile aliyokaa Keiko, na miaka iliyofuata muda mwingi wamejikuta bado kwenye bwawa la ndani kwa sababu kuwazoesha bahari kumechukua muda mrefu kuliko watu walivyodhani. Tokitae, orka aliyekamatwa jimbo la Washington 1970 na kukaa Miami zaidi ya miaka 50, mpango wa kumrudisha kwao ulitangazwa Machi 2023 na Agosti akafa. Inachelewa, inagharimu mamilioni ya dola, na kwa wengine imeshapita. Bado naona ni bora kuliko kuzaa kizazi kingine cha kufia bwawani.

Kuogelea na pomboo kwenye kifurushi chenu, naomba msiende. Yule pomboo atashikwa na kuvutwa na watu wasiomjua kutwa nzima, kundi baada ya kundi, na kwa watoto wenu si salama vilevile, ni mnyama wa kilo 200 na zaidi, ana meno, watu wameng'atwa na kuvunjwa mbavu, na yapo magonjwa ya ngozi na bakteria yanayotoka kwake kuja kwetu na kutoka kwetu kwenda kwake. Kama mtu wa familia aliwahi kung'atwa au kuchanwa, hata kidogo, aende hospitali aseme wazi kwamba ni mnyama wa baharini, maana dawa za vidonda vya namna hiyo zinaweza kuwa tofauti na za kidonda cha kawaida. Lakini sababu yangu kubwa ni hela. Pale Taiji, Japani, pomboo wanaswagwa na boti mpaka kwenye ghuba, wazuri wanachaguliwa kuuzwa hai na wengine wanachinjwa, na aliye hai anauzwa bei ya juu mara nyingi kuliko nyama yake. Anayelipa hiyo bei analipa kwa sababu kuna mtu atakata tiketi. Si lazima pomboo wa kwenye kifurushi chenu awe wa Taiji, lakini biashara ni ileile na ndo maana TripAdvisor, tovuti ya wasafiri, mwaka 2019 iliacha kuuza tiketi za sehemu zinazofuga au kuleta nyangumi na pomboo kwa maonyesho.

Mkitaka kuwaona nendeni kwa boti, muwaone walipo. Ila chagueni mwenye boti kwa makini. Anayekimbiza kundi, anayelikata mbele, anayewaruhusu watu kuruka majini kila pomboo akitokea, huyo muacheni. Anayezima au kupunguza injini na kusubiri wao ndo waje, huyo ndo wa kumpa hela yenu. Hawaii walilazimika kuweka sheria mwaka 2021 ya kutowasogelea pomboo wanaojizungusha chini ya mita 45 hivi, kwa sababu wanawinda usiku na mchana wanapumzika, na watu walikuwa wanawakatisha usingizi kila siku.

Binti yako mwambie ukweli kwa sauti ya kawaida. Hakuwatesa. Alienda na wazazi wake mahali palipofunguliwa kwa ruhusa, akawapenda wanyama aliowaona, na sasa amejua jambo ambalo hakulijua. Usimwambie kwamba wale pomboo walikuwa na raha ili anyamaze, atakuja kujua na ataacha kukuamini. Na ile ndoto yake usiizime hata kidogo, maana hao wanyama walio mabwawani sasa hivi watahitaji watu wa kuwatunza kwa miaka mingi ijayo, madaktari, wapima maji, wanaojua kumfundisha pomboo atoe mkia mwenyewe achukuliwe damu bila kushikwa kwa nguvu, hicho kipaji cha ukufunzi kitahitajika sana kwenye hifadhi. Kwa sasa mfungulie kwenye intaneti sauti za OrcaLab, kituo cha kisiwa cha Hanson kule British Columbia, wana vinasa sauti chini ya maji na wanarusha moja kwa moja, msimu wa kiangazi cha kule ukibahatika mtasikia koo za orka wakiitana, ukoo wa Corky ukiwemo.

La mwisho ni mdogo wako, na hapa naongea kwa upole kwa sababu najua mzazi wa mtoto asiyeongea anabeba nini. Tiba ya pomboo haina ushahidi. Watafiti wawili, Lori Marino na Scott Lilienfeld, walizipitia tafiti zake mwaka 1998 na tena 2007, mara zote wakakuta zimefanywa vibaya, hazitenganishi pomboo na mambo mengine kama safari, maji, watu wapya na matumaini ya mzazi. Mtoto anaweza kufurahi siku hizo, kweli kabisa, lakini kufurahi kwenye maji si kupiga hatua kwenye kuongea. Na Betsy Smith, mmoja wa walioianzisha kule Florida miaka ya 1970, mwenyewe aliiacha na akawa anaipinga. Mimi ni daktari wa wanyama, mtoto sijamwona na sitajifanya namjua. Hizo hela alizochanga mwambie azipeleke kwa daktari wa watoto ili apimwe vizuri, masikio yakiwemo, maana wapo watoto wanaochelewa kuongea kwa sababu hawasikii sawasawa na hakuna aliyewapima, halafu apate mtaalamu wa matamshi na mawasiliano atakayemwona mara kwa mara na kumfundisha mama mazoezi ya kufanya nyumbani. Kama mtoto alikuwa na maneno na sasa yanapotea, au ana degedege, asisubiri miadi ya mbali, aende wiki hii. Na kama ameshalipa kianzio cha hiyo tiba, aombe kwa maandishi arudishiwe mapema kabla ya tarehe ya safari.